Matanga ya Furu

Vijana wangu, mimi ni mvuvi ambaye hajawahi kuishi ziwani. Nalisema mapema ili watu wa Mwanza wanaotaka kucheka wacheke sasa, wamalize, tuendelee. Maisha yangu yote nimevua mabwawani na malamboni: kwanza Geita kwenye bwawa la mgodi, baadaye Segese, mwisho hapa Didia ambako magoti yaligoma na mimi nikakubaliana nayo. Wavuvi wa ziwani wana mashua na upepo na nyimbo. Sisi wa mabwawani tuna tope, na ng'ombe wanaokuja kunywa maji katikati ya kazi yako na kukuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyewakuta.

Mkija kuniuliza siri ya kambare mnategemea niwape dawa. Dawa hakuna. Siri ya kambare ni furu. Furu ni yule samaki mdogo mwenye miiba mgongoni, ambaye mama zenu wakimkaanga mnanung'unika. Mimi sijawahi kumnung'unikia, kwa sababu ndiye chambo changu. Unamtoboa mgongoni, chini kidogo ya pezi, si mdomoni, ili aendelee kuogelea akiwa kwenye ndoana. Furu anayeogelea humkera kambare. Furu aliyekufa humwambia kambare kwamba chakula kipo na hakina haraka. Nimewaona vijana wenye nyuzi za nailoni zinazong'aa wakitundika furu aliyekufa tangu juzi, halafu wanasema bwawa limerogwa. Sisi tulivulia nyuzi za pamba tulizosokota wenyewe, ukizikunja mbichi zinaoza, na samaki tulipata, maana chambo kilikuwa hai.

Sasa nisikilizeni kuhusu kipupwe. Ile miezi baada ya mavuno, ambapo hata mbwa hulala juu ya majivu, furu wa mabwawani hufa. Hawafi kila mwaka, lakini wakifa hufa ukoo kwa ukoo. Bwawa lenye kina lina maji ya aina mbili. Ya juu yamepigwa na jua, ya chini yamekaa na majani yaliyooza tangu masika, na wakati wa joto hayasemezani. Baridi ikikaza, mawingu yakaziba jua na upepo ukavuma siku kadhaa, yale ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, na yale ya chini yanapanda na uvundo wake. Utawaona furu asubuhi karibu na tuta la bwawa, penye kina, midomo juu, wanatafuta hewa. Kesho yake wameelea. Kambare hajali. Yeye hupanda juu akameza hewa kama mimi na wewe, kisha akarudi chini kula wafiwa na marehemu.

Na mkikuta samaki wamekufa, msikimbilie kulaumu watu. Angalieni kwanza. Furu wamekufa na kambare anapumua, hiyo ni baridi. Ukiona hata chura ameelea tumbo juu, hapo usiguse maji, kimbia ukaseme. Haya yote sikuyasoma popote. Nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa na ulimi mkali kuliko ndoana zangu, na nilifundishwa kwa aibu.

Miaka hiyo ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilitoka kwetu Shinyanga kijana mbichi, nikaenda Geita kutafuta kazi mgodini. Nilipata. Waliniteremsha shimoni siku hiyo hiyo. Sitawaficha, vijana, niliogopa. Nilishuka kwenye kile kizimba cha chuma na watu wengine waliokuwa wanapiga soga za mademu na ngoma, na huko chini taa yangu ikazimika. Ni taa tu, ilizimika, mtu angeiwasha. Mimi nikaita "Mayu!" kwa sauti ambayo mama yangu angeisikia Shinyanga. Nilifanya kazi huko kwa muda, na kila asubuhi nilikuwa naamka nikitamani niwe mgonjwa. Ugonjwa nao ulinikwepa, nilikuwa na afya kama fahali.

Kilichoniokoa ni maharage. Kambi ya vibarua ilikuwa inapewa posho ya unga na maharage, na maharage yale yalikuwa na wadudu wengi kuliko maharage yenyewe. Watu wakaanza kunung'unika kwa Kimakonde, kwa Kiha, kwa Kinyamwezi, kwa lugha zote, na manung'uniko ya lugha zote yakikutana kazi husimama. Msimamizi wetu alikuwa Nyapara Luhende, Msukuma mwenzangu, mtu mnene aliyevaa koti kubwa la sufu hata jua likiwaka, na fimbo ambayo haikumtoka mkononi. Akatangaza: ni nani anajua kuvua? Bwawa la mgodi, lililochimbwa kwa ajili ya kinu cha kusagia mawe, lilikuwa na kambare. Mkono wangu uliinuka kabla sijaufikiria. Nilikuwa nimevua kambare mara chache tu, lamboni, nikiwa mchungaji.

"Jumamosi kwa Jumamosi nataka samaki jikoni," Nyapara akaniambia. "Siku ukikosa, Masanja, unarudi kwenye kizimba. Sina kibarua wa kukaa anaangalia maji."

Hapo ndipo nilipokutana na Mama Kabula. Alikaa bondeni chini ya tuta, mjane na binti yake Kabula, na alikuwa anatega furu kwa migono, zile dema ndefu za fito ambazo samaki huingia na asijue kutoka. Kila asubuhi nilikwenda kwake na mtungi kuchukua chambo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Leo umekuja na mtungi unaonuka tumbaku tena?"

"Nimeusuuza, mayu."

"Umeusuuza kwa mkono unaonuka tumbaku. Mwaga. Nenda kasugue kwa majani. Furu wangu si wa kupewa sumu na mtu asiyejua kuosha chombo."

Alinifundisha kubeba furu kwenye kivuli, kuwabadilishia maji njiani, na kutowajaza mtungini kama watu wa gulio ndani ya lori. Alinifundisha pa kutandaza kamba ya ndoana: si katikati, bali pale nyasi zinapoishia na kina kinapoanza, maana kambare ni mvivu, hupenda kupita ukingoni. Nikawa napeleka samaki kila Jumamosi. Vibarua wakanenepa kidogo, Nyapara akawa ananipita akiguna tu, na kuguna kwa Nyapara Luhende kulikuwa ni sifa.

Mtu wa tatu wa kumjua ni mpishi wa kambi, Pazi. Alikuwa Mzaramo, mtu wa Pwani, mwembamba kama mwiko wake, Mwislamu wa kuswali swala zake zote, na mtani wangu. Mnajua Wasukuma na Wazaramo ni watani. Lakini Pazi alikuwa anafanya utani kama kazi ya kuajiriwa. Nikileta kambare atamnusa na kusema, "Huyu Msukuma mwenzenu amewakosea nini mpaka mkamuuza?" Nikiketi kula ataniletea sahani tupu na kunitakia chakula chema. Alipata kuwaambia vibarua wageni kwamba mimi ni bubu, nikakaa siku nzima nikijibiwa kwa vidole. Na huwezi kumkasirikia mtani. Ukikasirika umejivua nguo mwenyewe.

Basi kikaja kipupwe cha mwaka ule. Mawingu yalikaa juu ya vilima vya Geita yakakataa kuondoka, na upepo ulipenya hadi kwenye meno. Asubuhi moja nikafika bwawani, maji yamebadilika rangi, yamekuwa kama chai iliyochachuka, na ukingo mzima wa tuta ni mweupe. Matumbo ya furu. Korongo walikuwa wamesimama wanachagua.

Ningekuwa na akili ningekwenda mbio kwa Mama Kabula. Mimi nilifurahi. Nilidhani nimeletewa chambo cha bure. Nikaokota furu nikajaza mtungi, nikajaza na kofia, nikatundika kila ndoana niliyokuwa nayo. Nikalala nikiota sifa. Asubuhi nikavuta kamba, ndoana zote na furu wake, hajaguswa hata mmoja. Nikatandaza tena, na asubuhi iliyofuata ikawa vilevile. Wakati huo usiku kambare walikuwa wanapanda juu kumeza hewa, nawasikia, plup, plup, wengi tu, wakubwa, wananipumulia karibu na miguu. Samaki wapo, njaa ndiyo haipo.

Jumamosi ikafika. Nikaenda jikoni na mikono mitupu. Pazi alinitazama, akatazama mikono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania. Nyapara ndiye aliyesema.

"Wapi samaki?"

"Furu wamekufa, nyapara."

"Nimekuuliza furu? Furu ni chambo. Nimekuuliza samaki."

"Samaki wamegoma, nyapara."

"Kugoma!" Neno lile lilimchoma, maana ndilo alilokuwa analiogopa kwa vibarua. "Nakupa hii wiki inayoanza. Ukikosa, kizimba kinakusubiri. Wamegoma! Samaki!"

Vijana, wiki ile nilijaribu kila kitu ambacho samaki au mtu angeweza kula. Nilitundika ini la mbuzi. Nilitundika utumbo wa kuku, ugali uliokandwa na samli, na vipande vya sabuni ya mche, kwa sababu Mmakonde mmoja aliapa kwamba kwao kambare hufa kwa sabuni. Sabuni ilitoa povu. Ini lilinipatia kobe mmoja wa majini aliyenitazama kama shemeji niliyemvunjia heshima. Kwa Mama Kabula sikwenda, maana migono yake ilikuwa kwenye bwawa lile lile, nikajua naye hana furu hai, na niliona haya kumfuata mtu nisiyeweza kununua kitu kwake. Mkononi nilibaki na ndoana tu. Kila nikivuta kamba tupu nilikuwa nasikia mlango wa kizimba ukifungwa.

Ikawa asubuhi moja nipo ukingoni natundika tena, nikasikia mtu analia nyuma yangu. Si kulia kwa mchezo, kulia kwa msiba. "Uwiii! Uwiii jamani! Ukoo mzima! Hawajabakisha hata wa kusimulia!"

Alikuwa Pazi. Amejifunga shuka kiunoni kama wanavyojifunga waombolezaji, anajipiga kifua, na nyuma yake wasaidizi wake wa jikoni wamebeba mkeka na sufuria. Akafika, akatandika mkeka juu ya tuta, akamwokota furu mmoja aliyekauka, akamlaza kwenye jani la mgomba.

"Msukuma," akaniambia, "pole. Nimesikia jana. Mbona hukuniita? Unafiwa na ndugu wote hawa, mtani wako yupo, na wewe unatundika ndoana?"

"Pazi, niache. Leo sina nafasi ya utani."

"Msiba hauna nafasi?" Akaniondolea kamba mkononi. Kwa upole, kama unavyomwondolea mfiwa jembe. "Mfiwa hashiki kazi. Vijana, kusanyeni hizi ndoana. Kamba zote. Zitakaa jikoni mpaka matanga yaanuliwe."

Na wakazikusanya. Mnajua desturi. Mtani akifika msibani anatawala. Anaweza kuzuia jeneza, kujilaza kaburini, kushika koleo na kukataa kulitoa mpaka alipwe kuku. Nani atamzuia? Nilisimama pale damu inachemka, na wale waliokuwa wanatoka zamu ya usiku wakawa wamekusanyika juu ya tuta, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, wanacheka hadi wanashikana mabega. Nikajua sasa nimekwisha. Sina samaki, sina ndoana, na nimekuwa kichekesho.

Nyapara Luhende akatokea na koti lake na fimbo yake, uso umefura.

"Masanja! Hii ni nini? Wapi—"

Hakumaliza. Pazi alikuwa ameshaanguka miguuni pake. "Baba mfiwa! Baba mfiwa jamani amefika! Mpisheni! Pole, baba. Wajukuu wako wote, baba. Kwa asubuhi moja!"

"Pazi, ondoka hapo."

"Mletee mkeka mzee. Amepauka. Machozi yamemkauka ndani." Akamshika mkono akamketisha, na ile fimbo, vijana, ile fimbo ambayo haikumtoka Nyapara hata akienda chooni, ikawa mkononi mwa Pazi. "Hii tunaihifadhi. Mfiwa hachezi na fimbo. Utaikomboa kwa jogoo."

Nyapara alinitazama mimi, akawatazama vibarua. Aliona wote wanamsubiri. Angekasirika, angekuwa Msukuma aliyeshindwa na utani wa Mzaramo mbele ya makabila yote, na habari ile ingefika Shinyanga kabla yake. Akalivuta koti lake. Mwisho akasema kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa:

"Tumepokea pole."

Kelele zilizopigwa pale zilitisha korongo. Pazi akawagawia watu uji kutoka kwenye sufuria. Dua hakugusa, na mtu mmoja alipomwambia asome kidogo alimkaripia kweli kweli: "Hapana. Furu hawana dini. Matanga watapata, dua hawapati." Kisha akaendelea kuomboleza.

Nyapara aliponyanyuka alijikung'uta koti, akanyoosha kidole. "Sawa. Matanga na yakae. Lakini siku yakianuliwa nataka samaki asubuhi yake. Wasipopatikana, Pazi, mtani wako anashuka shimoni, na huo utakuwa msiba wa pili."

Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Mikono haina kazi, nikateremka bondeni. Mama Kabula alikuwa amechuchumaa mlangoni anapasua kambare, kambare mkubwa aliyemshika kwa mikono kwenye nyasi za ukingoni.

"Mayu, wamenimaliza," nikamwambia. Nikamweleza yote, sabuni, ini, Pazi, fimbo, kizimba. Alinisikiliza akiendelea na kisu.

"Ulitundika furu aliyekufa?"

"Ndiyo, mayu."

"Na utumbo, na ini, na sabuni?" Akacheka hadi akafuta macho kwa kiwiko. "Njoo uangalie hapa."

Akanifungulia tumbo la yule kambare. Vijana, ndani mlikuwa na furu tupu. Furu juu ya furu, wengine wameoza, wengine wazima, tumbo limetanuka kama gunia la pamba.

"Mtu ametoka harusini, amekula, amebebeshwa na kingine kwenye jani, wewe unamsimamisha njiani unampa kipande cha muhogo! Baridi imewapikia. Mpaka wamalize, na tumbo lishuke, hata ukimtundika mtoto wa chifu hawamtaki."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ukae. Usiguse maji. Ndoana zako zimewazunguka usiku na mchana, ungewatia hofu mpaka mvua za vuli. Huyo mtani wako kachukua ndoana? Mwambie wabeja, asante sana, kachukua vizuri."

Nilikaa chini pale pale. Kwa hiyo nilichokuwa nahitaji ni siku, na siku ndizo nilizokuwa nimepewa, na mimi nilikuwa nataka kumvunja meno aliyenipa. Nikamuuliza kuhusu chambo. Akanipeleka chini kabisa ya bonde, penye kijito kinachotoka kwenye chemchemi. Maji yale yanatembea, hayakupinduka, na furu walikuwa humo, hai, wanakimbizana. Tukatega migono miwili.

Kuanzia hapo hofu yangu ikageuka. Asubuhi nilikuwa naamka nikiomba matanga yasiishe. Nyapara alikuwa anapita jikoni kila siku bila fimbo, mikono haijui pa kukaa, anauliza, "Lini mnaanua?"

"Bado, baba mfiwa," Pazi anamjibu. "Kuna shangazi yake furu anatoka ziwani."

"Si aje!"

"Anakuja. Ila samaki hana miguu, baba. Na njia ni kavu."

Siku nyingine ilikuwa mjomba wa Segese, ambaye alikataa kuja mpaka aombwe radhi. Siku nyingine mke mdogo wa marehemu hajatajwa kwenye ugawaji. Kambi nzima ilikuwa inangoja asubuhi kusikia leo nani amekwama. Watu walisahau hata kunung'unikia maharage. Hilo Nyapara aliliona, nadhani ndiyo sababu alivumilia muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Na mimi kila jioni nilikwenda ukingoni na uzi usio na ndoana, nimefunga furu mmoja hai, namtumbukiza. Siku za mwanzo anarudi salama. Kisha akarudi bila mkia. Kisha jioni moja uzi ukarudi mtupu, umekatwa, na maji yakajifunga juu yake taratibu.

Siku hiyo hiyo Nyapara alipiga meza ya jikoni. "Kesho. Awepo shangazi asiwepo. Kesho yanaanuliwa, na asubuhi ya pili niko bwawani." Safari hii Pazi hakuwa na ndugu mwingine wa kumtaja. Alinigeukia na uso ambao sikuujua, uso wa mtu anayetaka kuomba radhi. Nilimkonyeza. Hakuelewa.

Akaanua matanga kwa heshima zote. Jogoo wa Nyapara akachinjwa, fimbo ikarudi, nikakabidhiwa ndoana zangu mbele ya watu. Jioni nikatandaza kamba pale nyasi zinapoishia, kila ndoana na furu wake wa chemchemi, ametobolewa mgongoni, anaogelea. Mama Kabula alisimama juu ya tuta mikono kiunoni kuhakikisha simtii aibu.

Asubuhi kambi nzima ilikuwa pale. Nyapara mbele. Nikashika kamba. Ndoana ya kwanza tupu. Ya pili tupu. Ya tatu akaja kobe, nadhani ni yule yule, na watu wakapiga mbinja. Nikasikia Nyapara anavuta pumzi ya kusema. Nikaendelea kuvuta.

Halafu kamba ikavutwa kutoka upande wa pili. Ikavutwa mpaka nikaanguka kifudifudi. Nikaamka na tope usoni, nikavuta, akatokea kambare kichwa kama sururu, na nyuma yake mwingine, na mwingine, kamba yote imejaa. Nilipiga kelele za kuita msaada. Aliyefika kwanza ni Nyapara Luhende, amesahau koti, amesahau cheo, maji kiunoni, anamkumbatia kambare kwa mikono miwili na kumtukana Kisukuma kwa mapenzi makubwa. Lile koti lilinuka kambare hadi masika.

"Masanja," akaniambia tukitweta ukingoni, "shimoni huendi. Hata ukiomba."

Nilibeba kambare wa kwanza mwenyewe hadi jikoni. Pazi alikuwa peke yake, anachochea moto. Nikaweka mzigo chini, nikasema lile nililokuwa nimelitayarisha tangu bondeni.

"Pazi, nisamehe. Nilikasirika. Sikujua kwamba ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua nini?"

"Kwamba kambare wameshiba. Kwamba wanatakiwa kuachwa mpaka wapate njaa."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mbinguni. "Kambare wameshiba? Mimi samaki namjua akishafika kwenye sufuria, Masanja. Huko majini anafanya nini mimi sina habari."

"Sasa ndoana ulizichukulia nini?"

Akapuliza moto kwanza. Hakuniangalia.

"Siku ile ya kwanza ulipopandishwa kutoka shimoni nilikuletea uji. Ulishindwa kushika kikombe. Nilikushikia mimi, ukanywa, na hukuona nani amekushikia. Basi Nyapara alipokutishia kizimba nikasema huyu mtani wangu harudi kule. Sasa mimi ni mpishi, Nyapara nitamzuia na nini? Nilikuwa na utani tu. Nikasema nimshikilie kwa utani, labda atasahau, labda kutatokea kitu. Ndugu wa furu walikuwa wameniishia, wallahi. Jana usiku sikulala."

Vijana wangu, mtani hatakiwi kukosa la kumjibu mtani wake. Ni aibu kubwa kwetu, ni kama kushindwa ngoma. Nilitafuta neno, la kucheka au la kutukana, lolote. Sikulipata. Nilimpenda mtu yule asubuhi ile kama ndugu wa tumbo moja. Basi nikachukua kisu mezani, nikainama nisionekane uso, nikamvuta kambare nikaanza kumpara magamba, kwa nguvu, kutoka mkiani kwenda kichwani.

Pazi akaacha moto, akaja kusimama karibu.

"Masanja," akasema polepole, "kambare hana magamba."

Nikaendelea kupara.